Usimwangalie Miguu

Nilipokuwa mtoto nilikutana na mwanamke mwenye kwato za punda, mchana wa jua kali, kwenye kichochoro cha Mji wa Kale, na kama huamini, ishia hapa uende zako. Mimi sibembelezi abiria, seuze msomaji. Wenye digrii zao nawabeba kila siku kwenye tuktuk yangu, Tudor hadi Marikiti, na nikiwasimulia habari hii hucheka njia nzima. Halafu wakishuka huangalia chini kwanza, waone nani anapita kando yao. Mdomo unakataa, macho yanachungulia.

Basi sikiza. Huyo mwanamke ndiye aliyenitoa shule. Si utoro, si bangi, kama wanavyodhani wanaoniona na miwani yangu ya jua na redio yangu ya makelele. Nilikuwa darasa la saba, na nasema bila haya kwa sababu wa kunishuhudia wapo: katika hesabu hakuna aliyenigusa. Mwalimu wetu, Mwalimu Mwanakombo, akiitwa ofisini ananiachia mimi chaki. Ningekuwa mhandisi leo. Ningewajengea daraja la kwenda Likoni, mkavuka mkisema asante Baya. Badala yake nawavusha madimbwi ya Tudor mvua ikinyesha, na asante hamsemi.

Mombasa, kila mtoto anamjua yule mwanamke kabla ya kujua kusoma. Huvaa buibui safi, hunukia asmini, hutembea polepole kama mtu asiyengojwa na yeyote. Atakuuliza saa ngapi, au atakuomba kiberiti. Ukiwa mpumbavu utamjibu huku unamtazama macho, maana macho yake, wanasema, ni mazuri mno. Ukiwa mpumbavu zaidi utaangalia chini, na hapo ndipo utakapoona kwamba buibui limeishia juu ya kwato. Waislamu wa mtaani kwetu walisema ni jini. Sisi wa kanisani tulisema ni pepo. Tulitofautiana jina tu. Kukimbia tungekimbia pamoja.

Hawe yangu, maana ndivyo tunavyomwita bibi sisi Wagiriama, alikuwa hai wakati huo. Akija kututembelea kutoka Kaloleni na mihogo yake, alikuwa na sharti moja juu ya mwanamke huyo ambalo sijalisikia kwa mtu mwingine.

"Usimwangalie miguu," aliniambia. "Uso utausahau. Miguu ukishaiona umemjua, na yeye akijua kwamba umemjua, hamtaachana tena."

"Na nikiiangalia kwa bahati mbaya?"

"Basi funga mdomo."

Nilimcheka. Nilikuwa mtoto wa mjini, nina viatu, nina chaki. Nikaona hawe ni mtu wa shamba na mambo yake ya shamba.

Tuliishi Tudor, chumba kimoja, mama, mimi na mdogo wangu Riziki. Baba alikwenda Malindi kutafuta kazi, na nadhani anaitafuta mpaka leo. Mama aliuza ndimu na pilipili juu ya gunia, nje ya soko la Marikiti. Riziki alikuwa na ugonjwa wa kuanguka. Anacheza vizuri, anakutania, mara macho yanageuka, mwili unakakamaa, povu linamtoka. Majirani walisema ni nyuni, yule ndege asiyeonekana anayewapitia watoto wadogo na kivuli chake. Hawe naye alisema ni nyuni. Lakini Nabii Sospita alisema si ndege, ni Mnyama, yule yule aliyeandikwa kwenye Ufunuo, na kwamba anajaribu njia kabla ya kuja mwenyewe.

Sasa huyu Sospita nimweleze vizuri. Kanisa letu lilikuwa ghorofani, juu ya karakana ya seremala, kwa hiyo mwisho wa dunia mimi niliujua ukiwa na harufu ya vanishi. Nabii alivaa suti nyeupe hata mwezi wa Februari, na jasho halimtoki. Alikuwa na sauti nzuri, siwezi kumnyima. Alituambia iko kompyuta huko Ulaya, kubwa kama jumba, jina lake Mnyama, na kila mtu duniani ameandaliwa nafasi ndani yake. Kinachongojwa ni namba tu. Alituonyesha ile mistari myeusi iliyo kwenye pakiti za sabuni na majani ya chai. Akasema humo ndimo alama ilimofichwa, na kila unachokileta nyumbani umeileta nacho.

Mama aliamini kwa mikono yake. Akinunua kitu dukani, kabla hakijaingia ndani, anakaa kizingitini na kisu anakata ile mistari na kuitia motoni. Unga wetu ulikuwa na dirisha kwenye pakiti. Ukiubeba vibaya unamwagika, na ukimwagika unapigwa wewe, hapigwi Mnyama. Saidi, rafiki yangu wa mlango wa pili, alikuwa akija kutazama tu. "Yakhe, kwenu hata chumvi inafanyiwa upasuaji," ananiambia, na mimi ninamtupia jiwe.

Lakini lazima niseme na hili, kwa sababu bila hili hutaelewa kitu. Wanawake wa kanisa lile ndio waliomshika Riziki. Walijipangia zamu. Mama akienda sokoni, leo mtoto yuko kwa huyu, kesho kwa yule, na wote walijua cha kufanya akianguka: kumlaza ubavu, kumfuta, kutopiga kelele. Bila wao mama asingeuza hata ndimu moja. Nani mwingine angemkubali mtoto anayeanguka?

Na kanisa lile lilikuwa na sheria. Hospitali ilikatazwa, kwa sababu ya kadi zake zenye namba. Mganga alikatazwa. Na lililokatazwa kuliko yote lilikuwa kombe, ile dawa ya walimu wa Mji wa Kale: aya zinaandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zinaoshwa kwa maji ya waridi, mgonjwa anakunywa. Mama mmoja, Mama Pendo, alijulikana kuwa alikwenda kuchukua kombe la mwanawe. Nabii alimsimamisha mbele akiwa ametupa mgongo, tukamwombea kisogo. Kesho yake hakuna aliyeitika salamu yake. Mwanawe hakushikwa tena na mtu. Muda si mrefu wakahama.

Haya, ile siku. Ilikuwa Jumamosi. Asubuhi mama alitoka na mzigo wake wa sokoni, na kabla ya kutoka akanituma Biashara Street nikachukue doti ya kanga aliyoiacha kwa fundi wa kupinda, wale wanaokaa barazani na cherehani. "Ukishaichukua rudi moja kwa moja," akasema. Mama yangu akisema moja kwa moja, mimi nasikia piga kona. Nikamchukua Saidi, tukachukua kanga, nikaitundika shingoni, halafu tukaingia Mji wa Kale kutafuta mabuyu ya bibi mmoja aliyekuwa akiyauza dirishani, mekundu, yanayokuacha na mdomo kama umemla mtu.

Adhuhuri ilikuwa imepita. Wakati ule vichochoro vya kule hulala. Milango imefungwa, paka wamejinyoosha kwenye vizingiti, ukuta wa huku na ukuta wa huku zimekaribiana hata ukinyoosha mikono unazigusa zote mbili. Tulikuwa tunakula mabuyu na kutemeana mbegu.

Kwanza nilisikia. Ko, kwa. Ko, kwa. Mguu mmoja ukitoa sauti ya juu, wa pili sauti nzito, kama punda aliyechakaa ukwato mmoja.

Akatokea kwenye kona. Buibui jeusi, nikabu, mkoba umebanwa kwapani. Akaja polepole. Saidi akasimama. Mimi nikafanya kile ambacho hawe alinikataza. Nikaangalia chini.

"Kwato," nikapiga ukelele. "Saidi, ana kwato, kimbia."

Mwanamke akasimama, akanitazama. Abiria wangu nikifika hapa huwaambia macho yalikuwa makaa, yanatoa moshi. Tulitimka hata mabuyu yakabaki chini. Saidi alipoteza ndara moja, na kwa hofu yake hajairudia mpaka leo. Tulikimbia mpaka kwenye magari na watu, kanga ya mama ikinipepea mgongoni kama bendera.

Saidi mdomo wake haukuwa na kufuli. Kabla ya jua kuzama Tudor nzima inajua. Waliokuja mlangoni kwetu kunitazama wengine sikuwahi kuwaona, na mimi, ndugu yangu, nilikuwa katika ubora wangu. Nilianza na kwato. Walipotaka zaidi nikawapa mkia. Mzee mmoja akauliza kama kwato zilitoa cheche, nikaona ni wazo zuri, nikampa cheche.

Mama alirudi jioni na patipati zake za sokoni miguuni, kapu kichwani. Akakuta mlango umejaa watu. Hakuuliza kitu mpaka walipoondoka wote. Alimpokea Riziki, akamwogesha, akamlaza. Akawasha jiko. Halafu, bila kunitazama, akasema:

"Huyo uliyemwona. Ulimwona uso?"

"Sikumwona uso, mama. Alijifunika. Niliona miguu tu."

Akageuza ugali, akageuza tena, ingawa ulikuwa umekwisha iva.

"Miguu tu," akasema.

"Miguu tu."

Usiku ule aliniwekea kipande cha samaki kikubwa kuliko chake.

Jumapili nikaitwa mbele. Kumbuka mimi ni mtoto, sina kitu, baba yuko Malindi anatafuta kazi, na leo Nabii Sospita mwenyewe ameniwekea mkono begani mbele ya watu. Nilisema yote, kwato, mkia na cheche. Walilia. Wanawake wazima walilia kwa maneno yangu. Nabii akaeleza maana. Wiki ile ile shule zilikuwa zimetangaza kwamba kila mwanafunzi ataingizwa kwenye kompyuta ya serikali na kupewa namba yake. "Mnaona?" akasema Nabii. "Yule mwanamke ametumwa kutangulia. Anazunguka kisiwa hiki mchana kweupe akiwahesabu watoto. Na namba ya shule ndiyo hesabu yake. Mungu amemtumia mtoto huyu kutuonya. Je, tutawaacha watoto wetu wapigwe chapa?"

Kanisa likapiga kelele hapana.

 Mimi nilikuja kutoa kwato, sikuja kutoa shule. Nikamtafuta mama kwa macho. Alikuwa safu ya nne, Riziki mapajani, na nikamwona Nabii naye anamtazama.

"Mama Baya," akasema Nabii, "wewe ndiwe mama wa shahidi. Unamjua mwanao. Anayosema ni kweli?"

Kanisa zima likageuka. Msumeno wa seremala huko chini ukasimama ghafla, nikasikia Riziki anakwaruza benchi kwa kucha. Mama alisimama. Nilimwomba kwa macho, na mimi nikiomba kwa macho huwa napata. Sema mwanangu ni mwongo. Sema nichapwe. Nilikuwa tayari kuchapwa mbele ya kanisa zima, kesho niende shule nikiwa na alama za kiboko.

"Amina," mama akasema.

Akakaa.

Jumatatu sare yangu ilikuwa imekunjwa juu ya sanduku, na juu ya sare limewekwa sanduku jingine. Watoto wa kanisa letu wote walitolewa. Mwalimu Mwanakombo alikuja mwenyewe, kwa miguu, na jua lile, akasimama mlangoni na mwavuli wake.

"Mama Baya, mtihani uko mwakani. Mtoto huyu nina matumaini naye."

"Karibu chai, mwalimu."

"Chai nitakunywa akirudi darasani."

"Basi itapoa," mama akasema.

Mwalimu alinitazama mimi. Alingoja niseme kitu. Mimi, ambaye nilikuwa na maneno kwa Tudor nzima, nilitazama ncha ya mwavuli wake. Akaondoka. Hakurudi.

Tukaanza kungoja mwisho wa dunia. Hakuna kazi ngumu kama hiyo kwa mtoto. Ulikuwa uje baada ya Pasaka. Kisha baada ya mvua kubwa. Kisha Nabii akaonyeshwa kwamba umesogezwa kwa ajili ya maombi yetu, tukashangilia, na mimi moyoni nikasema, kama umesogezwa si ningemaliza la nane? Wakati wa mtihani nilisimama nje ya ukuta wa shule nikawaona wenzangu wanaingia na rula na penseli. Saidi aliingia. Saidi, ambaye kwenye hesabu alikuwa akihesabu kwa vidole vyangu vyake vikiisha. Baadaye nikaenda Marikiti kusukuma mkokoteni. Watu walinipenda, maana nilikuwa naongea, na nikiongea mzigo haunilemei.

Sokoni ndiko nilikokutana na Eliya. Eliya ni mtoto wa Nabii, rika langu, aliyekuwa akikaa safu ya mbele na Biblia yenye zipu. Nilikuwa nimejitwika gunia la vitunguu, nikamwona anashuka kwenye gari, shati jeupe, tai, beji ya sekondari kifuani. Anaumwa na jua, kama watu waliozoea kukaa darasani.

"Eliya," nikamwambia, "na namba je?"

Alinifahamu. Niliona anatafuta pa kutokea.

"Baba alisema sisi wa nyumbani kwake tumefunikwa."

"Na sisi?"

Akatazama beji yake kama imeandikwa jibu. "Nyinyi mlikuwa mnajaribiwa."

Gunia sikulitua. Nilitembea nalo mpaka nilipotakiwa kulifikisha, nikapapita, nikaendelea. Mwenye vitunguu alinikimbilia akidhani nimemwibia.

Haukupita muda Nabii Sospita akaonyeshwa mji mwingine wa kuuonya, akahamia huko. Ghorofani sasa seremala anaweka vitanda. Nikipakia kitanda cha mteja huwa nasimama pale juu kidogo, naisikia ile harufu ya vanishi, na nangoja dunia iishe. Haiishi. Nashuka.

Hapo ndipo abiria hupiga ulimi na kusema manabii hawa, manabii hawa. Ndiyo mwisho wa hadithi ninavyoisimulia. Tunafika Marikiti, wanashuka, na mtu mwenye kosa ana suti nyeupe na yuko mbali. Kila mtu anaridhika.

Kuna kipande huwa nakiruka. Nimekiruka na hapa, na ulikuwa huna habari, kwa hiyo usijione hodari.

Mama alikuwa na viatu vya aina mbili. Patipati za sokoni, na viatu vya kanisani: vya kahawia, vya mchuchumio, alivyopewa na mwanamke mmoja ambaye mama alikuwa akimfulia nguo. Kisigino cha kushoto kilivunjika. Fundi viatu akamchongea kingine cha mti, akakipigilia kipande cha tairi chini. Tangu siku hiyo mama alitembea kwa sauti mbili. Ko, kwa. Kila Jumapili nilipanda ngazi za kanisa nyuma ya sauti ile. Ningeijua hata kaburini.

Siku ile niliisikia kabla hajatokea kwenye kona, na sikutaka kuamini, ndiyo maana nikaangalia chini. Viatu vya kahawia, raba ya tairi, maana patipati za sokoni haziendi na buibui la watu. Na Saidi, kando yangu, mdomo umejaa mabuyu, akasema, "Mbona buibui lile kama la mama?" Kwa sababu lilikuwa la mama yake. Mama Saidi ndiye aliyemwazima mama yangu, na ndiye aliyemwelekeza nyumba ya mwalimu wa kombe. Hilo Mama Saidi mwenyewe alikuja kuniambia nilipokuwa mkubwa. Saidi alikuwa ameshainua mguu amkimbilie amwombe pesa. Angemfikia, angemshika buibui, angesikia sauti. Na Saidi mdomo wake nimeshakueleza.

Ndipo nikapiga ukelele wa kwato. Lilikuwa neno pekee Mombasa hii linaloweza kumgeuza mtoto akakimbilia upande wa pili.

Macho hayakuwa makaa. Yalikuwa ya mama yangu, ndani ya nikabu, na yalinifahamu, na yalifahamu kwamba nimemfahamu. Mkobani alikuwa na chupa. Jumapili, kabla ya kwenda kanisani, Riziki alikuwa na alama ya manjano pembeni mwa mdomo, na ananukia waridi. Nilimfuta mimi, kwa kidole changu na mate, kabla hatujapanda ngazi. Mama alikuwa ananiangalia wakati namfuta. Alikuwa amevaa patipati.

Kwa hiyo Nabii alipomuuliza kama mwanawe anasema kweli, katika kanisa lile alikuwepo mtu mmoja tu mzima aliyejua kwa hakika kwamba hakuna mwanamke mwenye kwato. Alikuwa ni yeye mwenyewe. Akasema amina.

Nabii nimeshamsamehe, au nimemsahau, sijui tofauti. Mtu wa mbali akikudanganya amefanya kazi yake. Lakini mimi nilimficha mama yangu kwa neno nililolitoa kifuani bila kufikiri, mtoto mdogo, na yeye, mtu mzima, aliyepata usiku mzima wa kufikiri, akalitumia neno langu kujifichia zaidi. Najua angesema ukweli wangemsimamisha kama Mama Pendo. Najua Riziki angekosa wa kumshika. Alikuwa na watoto wawili na neno moja la kusema, akalitumia kwa yule anayeanguka. Nalielewa hilo. Nimekaa nalo kwenye foleni za Tudor miaka, nikalipigia hesabu mbele na nyuma, na hesabu yenyewe haina kosa. Bado mimi ndiye niliyetolewa.

Siku niliyomwambia habari za Eliya na beji yake, alikuwa akipanga ndimu. Aliendelea kuzipanga. Wiki ile ile alimpeleka Riziki kliniki, akapewa kadi yenye namba na vidonge, na Riziki akaacha kuanguka. Mwaka uliofuata akamwandikisha shule, namba na yote. Riziki leo anasomea uuguzi, ananisahihisha Kiswahili changu, na namlipia nauli kwa kumbeba bure. Mimi nilikuwa nimeshakuwa mrefu kuliko madawati. Au ndivyo tulivyosema nyumbani. Hakuna aliyekwenda kupima.

Mama siku hizi ana simu. Ananitumia ujumbe asubuhi mapema, mwezi umekuwa mwekundu nchi gani, wamegundua mnyama gani mwenye uso wa mtu, kuna chipu mpya inaingizwa watu mkononi. "Soma, Baya, siku zimekaribia." Namjibu, "Mama, ngoja nimalize mkopo wa tuktuk kwanza." Anacheka. Tunacheka sana mimi na yeye, watu hutuonea wivu.

Tulipohama chumba, nilivuta sanduku la mvunguni na mfuko ukafunguka. Viatu vya kahawia, vimefungwa kwa kipande cha ile kanga niliyotumwa kuichukua. Haikuwahi kuvaliwa, bado ina ukakamavu wa dukani. Mama alikuwa mlangoni na ndoo. Nilifunga mfuko, nikauweka juu ya mzigo. Naye akasema, "Hiyo iweke vizuri, isilowe."

Hajavaa kiatu chenye kisigino tena, hata kwenye harusi. Kila asubuhi nampeleka Marikiti na kapu lake la ndimu. Akishuka hushika bega langu, maana magoti yamemchoka, na anatua mguu mmoja kisha wa pili. Mimi hapo hurekebisha kioo, hutafuta stesheni ya redio, humwita abiria hata kama hayupo. Popote naangalia. Chini siangalii.